Msindikize Mgeni

Jumapili moja mwishoni mwa Juni, mwaka 2009, Leokadia alikuwa jikoni kwake Rågsved, pembezoni mwa Stockholm, akichambua maharage, redio ikijiongelea Kiswidi pembeni, simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Anastase, shemeji yake wa Ufaransa, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Leokadia nusura akate. Cyriaque alipofariki miaka mitatu nyuma, huyu Anastase hakuja kuzika, hakutuma rambirambi, wala hakupiga simu hata ya kudanganya kwamba anaumwa. Leo sauti imelainika, anaongea Kiswahili kile cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura walikokulia wote, na kila baada ya maneno mawili anamwita mama Tania.

Alisema ana nyumba kubwa kijijini, mashambani kabisa, na kiangazi hicho wangekuja wakae naye. Mtoto lazima ajue ndugu wa baba yake. Atawapokea stesheni mwenyewe, wao waje tu.

Leokadia aliyajua maneno matamu, na bado yalimwingia. Alikuwa mpishi katika jiko la shule, na shule zikifungwa alibaki na kuta za nyumba tu. Katika jengo lao mtu hakukutembelea hivi hivi. Hata rafiki yake Concessa wa mtaa wa Rissne, Mrundi mwenzake, alikuwa amejifunza kutuma ujumbe wiki nzima kabla, ndipo aje na mwanawe Sami kunywa chai. Leokadia alikulia nyumba ambayo mlango haukujua kufungwa mchana. Alimkosa mgeni asiyetarajiwa jinsi mtu mwingine anavyokosa chumvi.

Mtoto wake wa pekee, Tania, alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa ndiye kila kitu alichobakiwa nacho. Alimsemesha Kiswahili, mtoto akajibu Kiswidi. Akamsemesha Kirundi, mtoto akapandisha sauti ya muziki masikioni. Aliposikia habari za Ufaransa alisema, "Måste vi?" Yaani ni lazima? Mama akasema ni lazima.

Nyumba ya Anastase ilikuwa ya mawe, na madirisha ya mbao yaliyopakwa bluu, imejitenga mwisho wa kijiji kwenye mashamba ya alizeti. Mchana watu wote walifunga madirisha na kulala. Hukusikia hata mbwa. Anastase aliwachinjia kuku siku hiyo hiyo waliyofika, na mkewe, Colombe, alimkumbatia Leokadia muda mrefu kupita kawaida. Leokadia aliona ni aibu ya kukosa mazishi, akaanza kusamehe.

Aliyemshangaza ni mtoto wao, Ludovic. Kijana wa miaka kumi na minne, mzaliwa wa Ufaransa, alisimama, akainama kidogo, akamsalimia kwa Kirundi cha milimani, kile chenye heshima ndefu ambacho siku hizi hata Ngozi kwenyewe, kwa wazee wa Leokadia huko Burundi, ni cha kutafuta. Akamwulizia ng'ombe wa kwao. Kisha akakaa, mikono juu ya magoti, akatazama mlango. Hakugusa kuku. Leokadia alimpa mkono na kuona wa kijana ni wa baridi, akafikiri ni mawe ya nyumba.

"Angalia mtoto aliyelelewa," alimwambia Tania mbele ya wote. "Weye hata salamu ya mwiriwe huijui."

Colombe aliinuka akaingia jikoni, na maji ya bomba yakafunguliwa muda mrefu.

Baada ya siku chache Anastase akaja asubuhi na funguo za nyumba. Wanakwenda mjini sokoni, yeye na mkewe na Ludovic, watarudi jioni. Alizishika funguo kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mahari.

"Mama Tania, leo mwenye nyumba ni weye," alisema. "Sema umekubali."

Leokadia alicheka. Aliona ni heshima anayopewa mke wa marehemu, heshima iliyochelewa miaka mitatu. Akasema amekubali.

Saa kumi, jua likiwa kali na kijiji kimelala, mlango ukagongwa.

Alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, mkavu, suti ya kijivu katika joto lile, kofia mkononi. Hakuwa na jasho hata tone. Akasema, "Mwiriwe," kisha akaendelea na Kirundi safi, kile kile cha Ludovic. Alisema aliishi sana Ngozi zamani. Akautaja mlima wa kina Leokadia, akataja na kijito chenye mawe mekundu ambako mama yake alikuwa akichota maji utotoni. Leokadia machozi yakamtoka pale pale mlangoni. Tangu afike Ulaya hakuna mtu aliyemtajia kijito kile.

Sasa, kwetu mgeni haulizwi ametoka wapi wala anataka nini. Anaketishwa, ananyweshwa, mengine atasema mwenyewe akipenda. Leokadia hakumwuliza jina. Alimpa kiti kizuri, akampa bia, wakaongea. Mzee aliposimama kuaga, alisimama na glasi mkononi, akasubiri. Leokadia akafurahi kupita kiasi, maana alijua anasubiri nini. Ni agashinguracumu, ile bia ya mwisho anayopewa mgeni akiwa ameshasimama. Zamani mgeni aliuchomeka mkuki wake nje ya ua, na bila kinywaji kile hakuung'oa. Akamtilia. Mzee akanywa taratibu, koo lake likipanda na kushuka.

Bado akasubiri. Macho yake yakamwendea Tania, aliyekuwa ngazini na simu yake.

"Tania," alisema Leokadia, "msindikize mgeni."

Ni jambo dogo. Hakuna mzazi wa Kirundi ambaye hajawahi kulisema. Mtoto anamtoa mgeni hadi njiani, wanaongea mawili matatu, na wakifika mbali kidogo mgeni mwenyewe anasema: rudi sasa, mwanangu. Mtoto anarudi. Tania alivuta midomo, akatoka naye kwenye jua.

Leokadia alipokusanya vyombo, glasi ya mzee aliikuta imejaa hadi juu.

Tania alirudi baada ya muda mrefu, viatu vyake vyeupe kwa vumbi. Mama akamwuliza walifika wapi. Akasema walitembea tu. Akamwuliza mzee alisemaje walipoachana.

"Ingenting," alisema mtoto. Hakuna.

Jioni gari likarudi. Anastase hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akauliza kwa kunong'ona kama kulikuja mgeni. Leokadia akasema alikuja, mtu mwema sana. Akauliza nani aliyemsindikiza.

"Tania."

Colombe alikaa chini, pale pale kwenye kokoto, akafunika uso kwa kanga. Anastase akasema ni jua limempiga.

Kuanzia siku ile mzee alikuja kila saa kumi, na kila siku alitoka na Tania. Leokadia hakuona ubaya. Aliona ajabu nyingine. Ludovic alianza kula. Alikula kama aliyefungwa mwaka. Alitoa baiskeli, akaanguka, akacheka, akatukana kwa Kifaransa mpaka baba yake akamkaripia huku analia kwa furaha. Kirundi chake kikapotea chote. Leokadia alipomsalimia "mwiriwe", kijana alimtazama mama yake kuuliza mama mdogo amesema nini. Leokadia alisikitika. Alisema moyoni kwamba Ufaransa imeshampokonya na huyu.

Siku ya kuondoka mzee alikuja kuwaaga. Alisema huenda atawatembelea. Leokadia akajibu kama alivyofunzwa na mama yake, bila kufikiri: karibu, nyumba yetu ni yako. Anastase alikuwa anapakia mabegi, na aliposikia hivyo akafunga buti la gari polepole sana.

Agosti shule zilifunguliwa. Siku moja Leokadia amerudi kazini, amekaa anavua soksi, mlango ukagongwa. Mlango wa chini wa jengo lao una namba za siri, na huku juu kuna kengele. Hakuna kengele iliyolia. Alifungua, na alikuwa yeye, suti ile ile, kofia mkononi.

Na mtaelewa jinsi upweke unavyomfanya mtu mjinga, maana alifurahi. Mgeni asiyetarajiwa, hatimaye, Rågsved. Alikwenda jikoni kutafuta bia. Ni pale mbele ya friji, mkono umeshika chupa, alipomsikia Tania anamkaribisha mzee sebuleni.

Alikuwa anaongea Kirundi.

Kirundi cha milimani. Cha heshima ndefu. Alimwulizia ng'ombe.

Leokadia alisimama na mlango wa friji wazi mpaka friji ikaanza kulia. Akamkumbuka Ludovic na mikono yake magotini. Akazikumbuka funguo. Akaiweka chupa sakafuni.

Alipokwenda sebuleni, walikuwa wameshatoka.

Alimpigia Anastase. Simu iliita sana. Alipopokea, Leokadia hakusalimia. Aliuliza tu ni nani yule mzee.

Akajibiwa kwa mnong'ono. "Tuliikuta nyumba naye, shemeji. Miye sijui ni nani. Huwa hawaambii watoto warudi. Wanaendelea kutembea, hata wakiwa wamekaa mezani kwako wanaendelea kutembea."

"Ulijua."

"Ludovic alikuwa ameacha kupumua usiku. Ningefanya nini? Ni mwanangu." Kisha akaongeza: "Tafuta na weye. Mtu wa damu, au rafiki. Mpe nyumba, siku moja tu. Awe na mtoto."

Leokadia alimlaani kwa lugha zote alizozijua. Anastase alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata.

Septemba ikaenda hivyo. Alijaribu kutofungua mlango, akamkuta mzee ameshaketi, na Tania amemwekea glasi. Alijaribu kumfungia Tania chumbani, akamwona kupitia dirishani, chini kabisa, anavuka nyasi kuelekea msituni na yule mtu. Alimwita mchungaji Mashauri aje kuombea nyumba. Mchungaji hakuona mtu. Alivua koti lake akalitundika kwenye kiti alichokalia mzee, akaomba kwa nguvu, na alipolichukua kuvaa akasema lina baridi mno, labda dirisha liko wazi. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Wakati wa amina aliitikia.

Tania aliacha kula. Aliacha muziki. Mwalimu wake alipiga simu kusema mtoto amekuwa mtulivu na mwenye adabu sana. Nyumbani alikaa, mikono magotini, akatazama mlango. Mama alipomwita alijibu, "Ego, mama," yaani ndiyo, kwa ile sauti nzuri aliyoitamani miaka yote. Leokadia alimpigia magoti amjibu kwa Kiswidi. Amtukane, kama anataka. Mtoto alitabasamu kwa heshima. Usiku mama alilala na kiganja kwenye kifua chake, akisikiliza, na palikuwa na vipindi ambavyo kifua hakikuinuka.

Alimpigia Concessa. Lazima lisemwe hilo. Alikuwa ameshapanga: waje Jumamosi, yeye atajifanya ameitwa kazini, atamwachia Concessa funguo, atamwambia leo mwenye nyumba ni wewe. Aliyepokea ni Sami. "Shikamoo, mama Tania," alisema mtoto, mdomoni ana chakula. Sami akasema halo, halo, akatafuna, akasema tena halo. Leokadia akakata simu na kuiweka chini ya mto.

Kesho yake hakwenda kazini. Mchana alimvuta Tania kwa mkono hadi ghorofa ya juu, kwa Jerioth, Mkenya jirani yake, mwanamke mpole aliyefanya kazi ya kutunza wazee na kuishi peke yake. Alimwomba akae na mtoto, asimfungulie mlango mtu yeyote mpaka yeye mwenyewe aje. Jerioth alimwona macho yake, hakuuliza mengi. "Wacha akae," alisema, "nitampikia chapati."

Leokadia alishuka. Alifagia. Alivaa mavazi yake ya kanisani. Saa kumi alifungua mlango kabla haujagongwa.

Alimkaribisha, akamtilia bia, akamwulizia safari. Hakuacha hata kipande kimoja cha adabu. Mzee aliposimama akampa ile ya mwisho, akanywa, akasubiri. Akatazama chumba cha Tania. Akatazama ngazi za nje.

"Mtoto yuko wapi?"

"Leo nakusindikiza miye."

Mzee aliigeuza kofia yake taratibu. "Mwenye nyumba husindikiza mwenyewe kama hana mtoto," alisema, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo la kawaida. "Una mtoto?"

Juu yao kiti kilivutwa sakafuni. Hatua nyepesi zilielekea upande wa mlango. Zikasimama.

Mzee aliinua macho kwenye dari.

"Sina," alisema Leokadia.

"Sikukusikia."

"Sina mtoto." Hatua zilianza tena. Alijua hakusema vya kutosha, na alijua neno gani limebaki. "Sijawahi kuzaa."

Hatua zikakoma.

Mzee alivaa kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameivaa. Walishuka pamoja, wakavuka nyasi, wakapita watoto wanaocheza mpira ambao hawakuwatazama. Mahali miti inapoanza alisimama na kumgeukia.

"Rudi sasa," alisema. "Nyumba isiyo na mtoto sina haja nayo."

Leokadia alirudi mbio. Alipanda ngazi zote bila lifti, viatu mkononi, analia na kucheka. Aligonga kwa Jerioth. Mlango ulifunguliwa, harufu ya chapati ikatoka, na huko ndani, mezani, alikuwa Tania. Alikuwa anakula. Mdomo umejaa, nyaya za muziki masikioni, rangi imerudi mashavuni.

Mtoto aliinua uso. Akamtazama. Kisha akamtazama Jerioth.

"Mamma, vem är det?"

Mama, huyo ni nani?

"Ni jirani wa chini," alisema Jerioth, akitabasamu. "Karibu. Kuna shida?"

Alifikiri ni mzaha. Alifikiri ni mabaki ya ule ugonjwa. Alimwita kwa majina yake yote, akaingia kumshika, na Tania alisukuma kiti nyuma kwa woga, akaenda kusimama nyuma ya Jerioth. Leokadia alishuka kwake kuchukua picha. Chumba cha Tania kilikuwa na meza ya kupigia pasi na sanduku la nguo za baridi. Kwenye picha za ukutani alikuwa yeye na Cyriaque, wawili, wamekaa katikati ya kochi. Shuleni walimwambia mama wa Tania wanamfahamu vizuri, ni mama Mkenya, na wakamwuliza yeye ni nani.

Alimpigia Anastase, mtu pekee aliyebaki wa kulaumiwa. Alipokea upesi, na nyuma yake Ludovic alikuwa anacheka na mtu. Leokadia alisema Tania. Anastase akasema Tania yupi. Kisha akashusha sauti, akawa mwema kabisa. "Shemeji, ni huzuni hiyo. Weye na Cyriaque Mungu hakuwajalia. Njoo kiangazi upumzike huku kwetu."

Hata hasira yake akawa hana pa kuipeleka.

Ukituuliza sisi tuliosali naye, tutakuambia Leokadia alikuwa mjane asiye na mtoto. Ndivyo tunavyomkumbuka wote, Concessa, mchungaji Mashauri, wote. Tulimwonea huruma alivyokuwa akimtazama binti wa Jerioth kanisani, na wengine tulisema, vibaya, kwamba wivu wa tasa una mwisho wake. Tulimkataza kukaa benchi la nyuma yao. Binti alikua mrefu, mcheshi, akijibu kila kitu kwa Kiswidi. Akimpita Leokadia kwenye jukwaa la treni alisema hej, kama unavyomwambia jirani, akaendelea na marafiki zake.

Mwaka 2012 tumbo lilimsumbua Leokadia, akaenda kliniki, na mmoja wetu alimsindikiza kwa sababu alikuwa dhaifu. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alisoma kwenye kompyuta, akasema hapa imeandikwa hujawahi kushika mimba. Leokadia akasema ndiyo, imeandikwa hivyo. Daktari akamlaza, akapandisha blauzi, akabonyeza huku na huku. Kisha akaacha kubonyeza.

Chini ya kitovu palikuwa na kovu la mshono, limelala kutoka upande hadi upande, la zamani, limeng'aa. Daktari alilipitishia kidole polepole mara mbili. Akarudi kwenye kompyuta. Akarudi tena kitandani.

"Huu ni mshono wa kujifungulia," alisema kwa sauti ndogo. "Walimtoa nani humu?"

Leokadia aligeuza uso ukutani, akaweka kiganja juu ya kovu, akalifunika.

"Sijawahi kuzaa," alisema.

Alilisema haraka, na kwa sauti kubwa, kama anayetaka lisikike hadi nje.